Pikipiki ya Deus

Leo nimeshika nafasi ya pili, na hata kula siwezi.

Deus ndiye dereva wa timu yetu ya mashindano ya pikipiki hapa Karagwe. Juzi alivunjika mkono mazoezini Kiruruma, nikaombwa nimshikie nafasi kwenye mbio za leo, Nyaishozi, kwa pikipiki ya timu anayoendesha yeye.

Za leo tu, jamani. Mimi ni wa akiba.

Matope yalikuwa ya kutisha. Wenzangu wakaanguka, mimi nikapita. Mwishoni watu wakanibeba juu juu, nami namtafuta Deus kwa macho, maana ndiye aliyenifundisha kukata kona.

Nikamkuta amesimama na kocha, mkono umefungwa shingoni.

Kocha akaniambia mbele yake, "Kuanzia leo hii pikipiki ni yako."

Hata hakumtazama Deus!

Nikasema, "Kocha, si ya Deus hiyo?"

Deus akacheka kidogo. "Chukua, mdogo wangu. Umeendesha vizuri."

Akaondoka kwa miguu, kwenye mvua. Nikamwita, hakugeuka.

Jioni hii nimempigia, akapokea mama yake.

"Shikamoo mama. Deus yupo?"

"Marahaba. Yupo, amejifungia chumbani. Hongera mwanangu, tumesikia."

Nyie, kesho kocha akinikabidhi hiyo pikipiki, nimjibu nini?