Freni ya Mujomba

Wageni wakiona gari ya mashindano yenye kutu nyuma ya nyumba ya mujomba wangu, hapa Baraka, kuku wakitaga ndani yake, wanauliza kama ilipata kushinda. Ilishinda. Mujomba, fundi wa motere za mitumbwi, aliitengeneza mwenyewe kwa mabati na mbao. Nilipomuuliza freni iko wapi, alikasirika: "We ulishaona mutumbwi iko na freni? Unazima motere, inasimama yenyewe."

Siku ya mashindano aliwaacha mafundi wenzake wote nyuma kwenye muteremko wa kwenda ziwani. Akazima motere, akatupungia mukono, akapita. Tulimutoa ndani ya maji, kofia ingali kichwani. Akanitazama kwa dharau: "Si imesimama?"