Piano Iliyovuka Mto wa Kondoo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuhamisha vyombo vya watu, Schaerbeek, mtaa wa Brussels, nilipandisha friji peke yangu hadi ghorofa ya nne, na kumbe lift ilikuwa imesimama barabarani. Lift yetu, vijana, si ile ya ndani ya nyumba. Ni ngazi ndefu ya mota inayopitisha vyombo dirishani. Patron wetu, muntu wa Likasi, alicheka: "Huyu iko na mugongo. Akili itakuja." Bon, ilikuja! Shule ya msingi sikumaliza, lakini miaka michache baadaye camion, lori kubwa la safari za Uingereza, ilikuwa mikononi mwangu.

Ndipo Maman Georgette, mjane wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapo Brussels, alipohamia kijiji cha Uingereza alikozaliwa marehemu bwana wake. Kijiji chenyewe kiko chini kabisa bondeni: kanisa moja, nyumba chache za mawe, na mto unaokizunguka kama mukaba kiunoni. Daraja lake la mawe lilijengwa enzi ambazo watu pale waliishi kwa sufu ya kondoo. Jembamba! Camion haikuingia, na ndani mulikuwa na piano ya marehemu.

Nikampigia patron.

"Rudisha piano Brussels," akasema. "Ama unataka kuvua nayo samaki? Ikilowana, weye usirudi ku kazi."

Maman alikaa juu ya kasha la sahani, analia. "Papa, usiirudishe. Ni hiyo tu iliyonibakia yake."

Donc nikafikiri. Kama waliuza sufu, na daraja ni jembamba hivi, mikokoteni ilipita wapi? Nikamwomba Maman, anayejua Kiingereza, amuulize mzee wa kanisa. Mzee akatuonyesha pembeni ya daraja: hapo waliosha kondoo kabla ya kuwanyoa, na walitandika mawe mtoni, sakafu nzima, mikokoteni ikapita juu yake.

Nilikunja suruali, nikaingia. Maji magotini, mawe imara kabisa. Nikavusha camion polepole, lift ikivutwa nyuma yake, kijiji kizima kimejaa darajani. Lift ikapandisha piano dirishani, watu wakapiga makofi. Maman akapiga wimbo wa kwaya ya kwetu. Nikampigia patron, nikaweka simu juu ya piano.

"Ile ni redio?"

"Ni Uingereza, patron."

"Bon. Kuanzia kesho, weye ni chef, mukubwa wa vijana wote."

Leo sibebi tena, mugongo umekataa. Lakini niko na camion zangu mwenyewe, jina langu mlangoni, herufi kubwa. Vijana wangu wanaangalia ramani ya simu. Nawaambia: shuka, uliza wazee walipitia wapi, kunja suruali. Na mukiona camion imesimama mbele ya daraja jembamba, musiihurumie. Iko yangu, na itapita.