Mikono ya Arvella

Arvella Stamper aliendesha basi la shule katika milima ya Kentucky mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Hakumwambia mtu. Aliacha kazi kwa kisingizio cha uchovu, na alipotimiza miaka sitini na miwili akamtaka mumewe amsindikize mjini akaombe mafao ya uzeeni.

Clell, mumewe, alikuwa akipokea mafao ya ulemavu tangu gogo limvunje nyonga kwenye kiwanda cha mbao. Njia nzima alimsihi. Mafao ya uzeeni akiyachukua mapema hivyo, kabla ya umri wa malipo kamili, yangekatwa, na yakishakatwa ndiyo basi. Isitoshe, Arvella ndiye aliyelipwa vizuri kumshinda Clell maishani. Akitangulia yeye, Clell angebaki mgane wa kurithi hicho hicho kilichopunguzwa. Heri aombe na ya ulemavu, kwa kuwa hayo hayapunguzwi kwa ajili ya umri.

"Mlemavu mmoja anatosha nyumbani," Arvella akamkata kauli.

Ofisini walipokewa na Bi Renfro, mwanamke mpole mwenye sauti ya mafua. Arvella alikuwa amekalia viganja vyake. Bi Renfro akauliza kama ana maradhi yanayomzuia kufanya kazi.

"Hapana."

Clell akapima moyoni. Akinyamaza, jambo limepita. Akisema, atamvua mkewe nguo mbele ya mgeni.

"Mwoneshe mikono, Vella."

"Clell, nyamaza."

"Ni mimi ninayekufunga vifungo kila asubuhi, tunajifanya ni mahaba. Mwoneshe."

Bi Renfro hakuharakisha. Arvella alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Clell hakuwahi kuliona katika ndoa yao, kisha akaitoa mikono na kuiweka mezani. Ilitetemeka hata kalamu zikagongana kikombeni.

Waliandikisha maombi yote mawili, la uzeeni na la ulemavu. Usiku ule Arvella alilala na blauzi yake, hakutaka aguswe.

Daktari aliupa ugonjwa jina: Parkinson. Ombi la ulemavu likakataliwa. Wakakata rufaa, huku wakijikimu kwa mafao ya Arvella yaliyokatwa na ya Clell. Theluji ilikuwa imeyeyuka jibu lilipokuja: amekubaliwa, na mafao yake yasingekatwa tena.

Clell alimsomea jikoni.

"Siku ile uliniaibisha," Arvella akasema. "Bado sijakusamehe."

"Najua."

"Haya. Ahsante."