Bonde Tulilolifunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kwendea harusini. Nilikuwa binti wa Temeke, wa ukoo wa watu wa Pwani, na nyasi pekee nilizozijua ni ukoka wa uwanja wa mpira na majani tuliyowakatia mbuzi wa Idi. Bibi yangu aliposikia nimeajiriwa bara kuwa afisa malisho, alishika shavu. "Mjukuu wangu, miaka yote hiyo shuleni, ukaangalie majani?"

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Malisho wa Wilaya, mtu mrefu, mkimya, asiyevua kofia hata ofisini. Aliviangalia viatu vyangu. Akachukua fremu ya chuma, mraba wa mita moja kila upande, tukatoka naye nje ya mji hadi mbugani. Huko akaitupa fremu majanini bila kuchagua mahali.

"Umeona nini humo ndani?"

"Nyasi, mzee."

"Hilo hata ng'ombe analijua. Nyasi gani? Zimeliwa na nani? Nitarudi jioni."

Akaondoka kweli. Nilichutama juani hadi magoti yakafa ganzi. Aliporudi nilikuwa nimepata aina saba za nyasi, mavi ya swala, njia ya mchwa, na kipande cha udongo mtupu kama sahani. Nilikitaja mwisho. Akasema hicho ndicho cha kuandika kwanza. "Nyasi zikiondoka, mvua inakuta mlango wazi." Ndivyo nilivyofundishwa kutofautisha nyasi za kudumu, zenye mizizi inayoshika udongo mwaka hadi mwaka, na nyasi za msimu, zinazoota kwa mbwembwe na kufa kiangazi. Palipojaa za msimu tupu, ujue ardhi imechoka.

Nilikaa kwake miaka minne, na mpaka leo sijaipenda kazi kama nilivyoipenda miaka ile. Kisha nikahamishiwa kituo cha magharibi, mpakani mwa pori la akiba. Kulikuwa na bonde pana. Masika Wasukuma walilima mtama na pamba kandokando yake, kiangazi wakaingiza ng'ombe, na swala na pundamilia nao wakaja kutoka porini. Wote walikula sahani moja.

Mkuu wa Kituo alikuwa kijana kuliko wakuu wengine, shati limepigwa pasi hata porini, na alipenda ramani. Alinituma nipime uwezo wa malisho, yaani idadi ya mifugo ambayo ardhi inaweza kuilisha bila kuharibika. Nilipima mwezi mzima. Nikakuta ng'ombe wamezidi, na udongo mtupu umeanza kuonekana. Tukakubaliana bonde lifungwe misimu mitatu: asiingie ng'ombe, usiwashwe moto. Mapendekezo niliyaandika mimi. Sikulazimishwa. Niliyaamini.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mjane mmoja, Mama Ng'wasi, mwenye ng'ombe kumi na wanane. Familia yake ilikuwa na ngitiri, eneo la malisho ambalo wenyewe hulifunga wakati wa mvua na kulifungua kiangazi.

"Mwanangu," akaniambia, "hata sisi tunafunga. Lakini tunafunga, tunafungua. Wewe umetuletea kufuli lisilo na ufunguo. Na moto je? Sisi tunachoma mapema, majani yakiwa na ubichi chini, moto unatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Mkiuzuia, siku moja utakuja wenyewe, na utakuja na njaa."

"Mama, hayo tumeyapima," nikamjibu. Naona aibu hadi leo nikikumbuka sauti niliyoitumia.

Mwaka wa kwanza bonde lilipendeza. Wageni wa wilaya waliletwa kulipiga picha. Mwaka wa pili nyasi zilinifika kifuani, na swala wakatoweka, maana mnyama mdogo hakai mahali asipoweza kumwona simba. Nilipotupa fremu nilikuta chini kumejaa majani makavu ya mwaka uliopita, ya kijivu, yamezisonga nyasi changa zisipate mwanga. Niliyaona kwa macho yangu. Kwenye ripoti nikaandika kwamba bonde linapumzika.

Mwisho wa kiangazi cha tatu, saa sita mchana, moto ukaja. Nani aliuwasha, au kama ni radi, hakuna aliyejua. Ulikuwa na kishindo cha mvua kubwa juu ya mabati. Uliruka njia ya gari, ukaingia kwenye mabua mashambani, ukafika kwenye makazi ya watu. Mtu hakufa, namshukuru Mungu. Lakini ghala la mtama la Mama Ng'wasi liliteketea, na ndama wake saba waliokuwa zizini wakaungua kabla ya kufunguliwa.

Nilimkuta amesimama mbele ya zizi, khanga imejaa majivu. Nikasema pole. Hakunitazama.

"Pole yako nimeipokea. Kule mlikoandika tufunge, na haya yataandikwa?"

Nilirudi kituoni nikamkuta Mkuu ameshapanga maneno. "Andika kwamba moto uliwashwa na wafugaji wakaidi."

"Sikumwona aliyewasha, mkuu."

"Nani atakuuliza?"

"Nimeshaulizwa."

"Unajua unachofanya? Jina lako ndilo liko kwenye mapendekezo."

"Ndiyo maana naandika mimi."

Niliandika kurasa tatu: kwamba bonde lilihitaji kupumzika, lakini si kufungwa, kwamba nyasi zisizoliwa wala kuchomwa mapema ziligeuka kuni, kwamba tulionywa mbele ya watu, na aliyepuuza onyo ni mimi. Mkuu alikataa kutia saini, nikatuma na saini yangu peke yake. Kisha nikaenda kumsomea Mama Ng'wasi. Alisikiliza akichambua maharage kwenye ungo. Nilipomaliza aliniomba nirudie ule ukurasa wa onyo. Nikarudia.

"Haya," akasema. "Umefanya kazi yako."

Kabla ya mvua kuanza barua ya uhamisho ikafika: Dar es Salaam, nyumbani. Bonde lilifunguliwa msimu uliofuata, wazee wakarudishiwa ruhusa ya kuchoma mapema. Hayo nilisimuliwa tu. Sikurudi tena kule, na hilo ndilo linaloniuma.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi Temeke, nikiwatembelea akina mama waliofuga ng'ombe wa maziwa uani na kukata majani kandokando ya reli. Wenzangu waliniita afisa malisho wa lami. Nilicheka nao. Lakini nikipita barabarani nikasikia harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, nilikuwaga nasimama, na jua la mbuga likanirudia usoni.

Nilipostaafu nilijenga Chanika, pembezoni mwa jiji. Hapa mashamba yanageuka viwanja kila mwezi, na kila anayehamia huanza kwa kuparua uwanja mpaka udongo mwekundu, kisha anafagia. Mimi kwangu niliacha nyasi. Jirani yangu, Mama Zuhura, alinijia kwa adabu zote.

"Shikamoo Bi Mwanahawa. Usinielewe vibaya, ila watu wanasemaga kiwanja chako kimekuwa pori. Nyoka, jamani."

"Marahaba mwanangu. Nazikata, ila siparui."

Masika haya mvua ilishuka mtaa mzima kwa kasi. Maji yalichimba chini ya ukuta wa Mama Zuhura hadi kona moja ikaning'inia. Kulipokucha alikuja na jembe na ndoo, hakuongelea nyoka. Tukang'oa vipande vya ukoka upande wangu, tukavipanda kwenye mteremko wake, kwa mistari iliyokatiza njia ya maji. Mgongo ulinilalamikia, lakini mikono ilijua kazi yake.

Tulipofika nusu akasimama, akajifuta jasho kwa kitenge. "Hivi, una uhakika haya majani yatashika? Maana mie huu ukuta ndiyo akiba yangu yote."

Zamani ningekuwa na jibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Sina uhakika," nikamwambia. "Tupande. Kila mvua ikinyesha, nitakuja tuangalie pamoja, na ukiona kitu sijakiona, niambie."

Akanitazama, akacheka kidogo, akainama kuchimba shimo lingine.