Kaka Msumari na Wageni Wake

Leo mama kauliza swali moja, kaka yangu akazima redio mwenyewe.

Mnamjua kaka Msumari, rapa wa siku nyingi. Hapa Kiranjeranje mistari yake ya zamani watu wanayo kichwani mpaka leo.

Asubuhi katoka Dar na flashi ya albamu yake mpya, akaichomeka kwenye redio. Kila wimbo kaalika wasanii wenye majina.

Mama alikuwa uani anapeta ufuta. Akaweka ungo chini, akasikiliza.

"Huyu nani?"

"Mgeni, mama," kaka akajibu.

Wimbo wa pili.

"Na huyu?"

"Mgeni."

Kaka mwenyewe unamsikia mwishoni tu, anataja jina lake na kucheka.

(Albamu mbaya, jamani. Nisiwadanganye. Mimi nilikuwa natazama chini.)

Wimbo wa tatu ulipoisha, mama akasema taratibu:

"Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Wageni nimewasikia, mwanangu. Sasa mwenyeji anaumwa nini?"

Redio ikazimwa.

Saa hizi kaka kakaa uani, ungo kauchukua yeye. Anapeta ufuta.

Mliokuwa mnachana naye mistari zamani, mpigieni simu.

Ila msimsifie.