Vifuniko Visivyolia

Siku hizi ninaamshwa na mgongo, si jogoo. Ninalea watoto wa wenzangu katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, hapa Vulamba, wakati mama zao wanauza sokoni Butembo. Jioni wakija kuwachukua wananiuliza watoto wamejifunza nini leo. Nikijibu kwamba wamecheza, wananitazama kama mtu aliyelala kazini.

Nimechoka kueleza, lakini acha nieleze tena. Vitu vyangu vya kuchezea ni makopo ya maziwa ya unga, vifuniko vya bidoni za maji, vikubwa vya kutosha visimezwe, magunzi niliyoyavisha vitambaa, na mpira wa majani makavu ya mgomba. Mtoto wa mwaka mmoja akitupa kifuniko ndani ya kopo, kinalia ko. Anakitoa, anakitupa tena, na tena. Anachosha masikio, najua, maana masikio ni yangu. Lakini hapo ndipo anapogundua kwamba mkono wake unaweza kuleta jambo, na kwamba kitu kilichozama hakijapotea. Mimi nikisema ko, na yeye anajaribu ko. Maneno yanaanzia hapo, si kwenye ubao.

Ndipo akaja mdogo wangu wa kike, amekimbia kutoka Oicha, kule mbele ya Beni, na mwanawe wa kiume mgongoni. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili. Zaidi ya mara moja walikuwa wamejificha kwenye mashamba ya kakao waasi walipovamia, na mara ya mwisho hawakuona tena haja ya kurudi nyumbani. Yule mtoto alikuwa hasemi, hata kulia halii. Akianguka alikunja uso, akauma mdomo, akainuka. Jirani zangu walimsifu.

“Uyu mutoto iko na heshima sana,” walisema. “Ba kwetu hapana bako hivi.”

Niliudhika, ila sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimpa kopo na vifuniko vyake kama wenzake. Siku za kwanza alivitazama tu. Kisha asubuhi moja alichukua kifuniko, akaingiza mkono ndani ya kopo mpaka kiwiko, akakilaza chini kabisa, polepole, kama mtu anayelaza yai. Hakikulia. Akachukua cha pili, akafanya vilevile. Alipomaliza alimtazama mama yake, na mama yake akamwitikia kwa kichwa.

Mchezo alikuwa ameujua, tena kwa akili kuliko wote chumbani. Lakini nilimhofia. Mtoto anayeficha hata mlio wa kifuniko atatoa wapi neno?

“Mutoto lazima apige kelele,” nilimwambia mdogo wangu. “Bila ile hatasema.”

“Lakini yaya,” alinijibu, kama tunavyomwita dada mkubwa, “kule mutoto akilia, batu bote banakufa. Njo maana nilimufundisha ivyo.”

Husemwa samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikunjwa barabara, na kwa upendo, na mimi nilitakiwa nimkunjue na mgongo wangu huu.

Kila asubuhi nilikaa naye kwenye mkeka, nikatupa vifuniko, nikasema ko. Kila mara alishtuka na kutazama mlango. Sikumponya mimi, nisijipe sifa. Ni kasichana kamoja kakorofi, ka mama muuza samaki, ambako kazi yake ilikuwa kumnyang'anya vifuniko na kuvirusha ukutani. Siku moja uvumilivu ukamwishia yule mvulana. Alilishika kopo kwa mikono miwili, akalimwaga lote sakafuni. Vifuniko vikatawanyika kwa kishindo. Yeye akabaki ameganda, macho kwa mama yake aliyekuwa mlangoni anachambua maharagwe.

Mdogo wangu alikuwa ameshainua mkono wa kumnyamazisha. Akautazama, akaurudisha kwenye maharagwe. Mtoto akamwaga tena.

Mvua zilipopungua alikuwa anapiga kelele kuliko wote. “Ko! Mama, ko!” kutwa nzima. Nilifurahi, na kichwa kiliniuma.

Halafu mume wake, aliyebaki Oicha na shamba, akatuma habari kwamba kakao imeiva na hana mtu wa kumsaidia kuvuna. Nilimwambia mdogo wangu angoje. Aliniuliza angoje nini. Wakati wa kufunga mizigo nilitia kopo na vifuniko ndani ya mfuko wake. Alivitoa.

“Hapana, yaya. Hii ibaki.”

“Atasahau.”

“Njo ile ninataka, asahau.”

Alichukua mpira wa majani ya mgomba, kwa kuwa hauna sauti. Nilikasirika, tena sana, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana alisema kweli. Hilo ndilo linalonichosha kuliko mgongo.

Niliwasindikiza mpaka kwenye magari ya Beni. Huko wangepanda pikipiki ya Oicha. Mtoto mgongoni aliona honi, mbuzi, magunia, na kila kitu alikipigia ukelele, ko, ko, kwa sauti yake yote, mpaka abiria wakageuka. Mkono wa mdogo wangu ukaenda nyuma wenyewe, ukautafuta mdomo wake, ukaufunika. Kisha akauondoa.

“Umuache,” aliniambia, ingawa sikuwa nimesema kitu. “Apige makelele mpaka Beni.”