Mzima Kama Nilivyomzaa

Dada yangu alianguka jikoni kwake Amerika akijitayarisha kwenda kazini. Alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja huko, kazi wanayoianza wengi wa kwetu wakifika. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Madaktari walimwambia mumewe kwamba ubongo umekufa, na kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu ya mashine tu. Kisha wakamuuliza kama familia ingekubali kutoa figo zake, ini na moyo, wapewe wagonjwa waliokuwa wakingoja.

Shemeji hakutaka kuamua peke yake. Alipiga simu nyumbani kwetu Mweiga, Kenya. Tukaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai, mama, mjomba na mimi, sauti ikiwa juu.

"Mama, wanauliza kama wanaweza kuchukua viungo vyake," alisema. "Yeye mwenyewe aliwahi kuniambia angependa."

"Wachukue wapeleke wapi?" mjomba akadakia. "Ati tuzike mtoto akiwa vipande?"

Mama alishika ukingo wa meza. "Nirudishieni yeye mzima kama nilivyomzaa."

Shemeji akasema sawa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Wakenya wa kanisa lao, waliokuwa wamejaa pale hospitalini, walikuwa wamemwonya vivyo hivyo: utamwambia nini mama mkwe wako jeneza likifunguliwa? Walikuwa watu walioishi huko miaka mingi, wana nyumba, wana watoto wasiojua Kikuyu hata neno. Lakini kifo kilipobisha, walifikiri kama sisi tuliobaki.

Dada alirudi mzima, ndani ya jeneza. Tulimzika kando ya shamba la viazi, na watu wakamsifu mama kwa msimamo wake.

Mwaka uliofuata, figo za jirani yetu mmoja zilikataa kufanya kazi. Alikuwa mwalimu, na watoto wake bado wadogo. Akawa anakwenda Nyeri kusafishwa damu. Siku moja mimi na mama tulimpelekea uji. Tulimkuta amelala kando ya mashine, damu yake ikizunguka kwenye mipira, uso umevimba. Mama alimtazama sana, halafu akamuuliza nesi kama ugonjwa huo una mwisho.

"Akipewa figo anaweza kuishi vizuri, shosho," nesi alimwambia mama. "Ndugu zake walipimwa, hakuna aliyelingana naye. Ng'ambo wanachukua hata ya mtu aliyefariki."

Tulipotoka, mama aliketi kwenye benchi ya nje.

"Hiki ndicho madaktari wa Amerika walichokuwa wanaomba?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mtu kama huyu?"

"Kama huyu."

"Hakuna aliyeniambia ni mtu kama huyu. Mimi niliona kisu tu."

Jioni alimpigia shemeji, akamuuliza kama alijua ni nani waliokuwa wakingoja. Hakujua. "Hata mimi sikuwaza wagonjwa, mama," alisema. "Niliwaza siku ya mazishi." Mama akamwambia hamlaumu. Lakini simu ilipokatika alilia kuliko alivyolia kaburini.

Mwalimu alifariki wakati wa mvua ndefu. Akina mama wa kanisa walipokutana kupanga mazishi, mama alisimama akajaribu kuwaeleza alichokielewa. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akasema, "Ni uchungu wa mtoto, utapoa tu," kisha wakarudi kwenye habari ya nani ataleta mchele. Hakuwahi kulizungumza tena kanisani.

Majuzi aliniambia kwamba siku yake ikifika, madaktari wakitaka chochote kwake wapewe. Nikamwambia ukweli, kwamba umri wake umekwenda, na kwamba huku kwetu hakuna atakayekuja kuuliza.

"Basi uwaulize wewe," akasema, akaendelea kumenya viazi.